Kilo Moja na Nusu ya Maharagwe

Kazi yangu ni lango.
Miaka kumi na mmoja nalinda ghala
kule Barabara ya Lunga Lunga, rungu mapajani,
na kila paka wa pale naujua mwendo wake.
Lakini lango la shule ya msingi, Jericho,
saa moja na dakika kumi asubuhi,
ndilo lililonishinda.

Hapo Ondieki huganda.
Tumbo, baba. Tumbo.
Na kweli, kiganja chake ni barafu,
na kola ya sweta ameitafuna hadi nyuzi.

Tulipima choo. Tulipima damu.
Minyoo hamna, taifodi hamna.
Jirani akasema anadeka huyo, mchape.
Shangazi yake akaleta mafuta ya upako.
Mimi, nisijifiche, nilimchapa.
Akaingia darasani akilia bila sauti,
akatapika juu ya daftari la hisabati.

Ndipo Mwalimu Nduku akatuandikia kijikaratasi:
Tiba ya kazi.
Nikacheka. Mtoto wa miaka tisa
mnampa kazi gani? Abebe mawe?

Kumbe abebe.
Bi. Chelagat, katika chumba chenye mkeka wa buluu
na dirisha linalotazama tangi la maji,
hakumuuliza unaogopa nini.
Alisema: hebu nisaidie kusukuma huu ukuta,
unataka kuniangukia.
Wakausukuma wawili
mpaka mabega ya mwanangu yakakumbuka kushuka.
Kisha unga. Kanda. Kanda tena.
Kisha uji usiokuwepo, katika kikombe cha viganja:
vuta harufu yake. Sasa upoze,
polepole, usiumwage.

Akanigeukia:
“Baba Ondieki, ndani yake yumo mlinzi
anayepiga king’ora hata paka akipita.
Hatumfukuzi kazi.
Tunamfundisha kumjua paka.”

Hayo niliyaelewa.

Nikashona mwenyewe, zamu ya usiku, chini ya taa ya ghala:
mguu mmoja wa suruali yangu kuukuu ya kazi,
maharagwe ya nyayo kilo moja na nusu,
mshono wa kwenda na kurudi, umepinda.
Siku hizi hukaa mapajani mwake wakati wa kusoma kwa sauti,
mzito kama kitu kilichoshiba kikalala.
Mwenzake wa dawati ameshaomba kuuazima.

Na kila asubuhi hutumwa ofisini
kuleta vitabu thelathini na vinane, kifuani, kidevu juu.
Darasa hudhani ni ukiranja.
Yeye anajua ni dawa.

Nyumbani, kando ya kalenda ya chama cha akiba,
amebandika michoro yake sita:
kiatu, uji, kidaraja cha mtaro,
duka la Guyo, lango, dawati.
Lango amelichora dogo kuliko kiatu.
Sikumsahihisha.

Sitasema amepona.
Jumatatu ya kufungua shule aliganda tena,
tumbo, baba, na umati unatupita.
Ulimi wangu ulishaanza: wewe ni mwanamu—
nikaumeza.
Tukautafuta ukuta wa shule, ule wa kijani,
tukausukuma, baba na mwana,
mimi na koti la kampuni, bado nanuka usiku.
Kitoto cha chekechea kikasimama:
Unaanguka?
Ondieki, bila kugeuka:
Ulikuwa unataka.

Juzi, saa tisa za usiku,
kitu kiligonga mabati ya ghala.
Moyo ukanipanda kooni,
rungu likateleza kwa jasho.
Hakuna aliyeniona:
niliweka viganja kwenye nguzo ya lango, nikasukuma,
nikapoza uji usiokuwepo,
nikaupoza tena,
mpaka kidole kikaweza kuipata swichi ya tochi.

Macho mawili ya kijani.
Mkia juu, mguu wa nyuma unachechemea kidogo.
Huyo namjua.